Hayo "Mengine" Ndiyo Uhandisi Wenyewe

"Kaza hesabu kwanza, mengine utayakuta kazini."

Aliyepita idara yoyote ya uhandisi nchini ameusikia ushauri huu, na wengi wetu tumewarithisha wadogo zetu bila kuutazama mara mbili. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ndiye anayeupata kwa nguvu zaidi, maana yeye ana tasnifu mkononi, muda unamkimbia, na msimamizi wake anataka matokeo ya maabara. Hayo "mengine" yanafahamika: kuandika ripoti ambayo mtu asiye mhandisi ataielewa, kuendesha kikao kikaisha na uamuzi, kumsikiliza fundi aliyekaa kazini miaka ishirini akiwa na cheti cha darasa la saba, kumpinga mkubwa wako kwa maandishi na kwa adabu, kukaa na wanakijiji mpaka mkaelewana. Yote yametupwa kapu moja na kupewa jina la stadi laini, na mtu akishayaita laini amekwisha kuyaweka nyuma.

Nasema ushauri huo ni mbaya. Wanaoutoa wana nia njema, na wengi wao ni walimu wanaoijua kazi yao barabara. Lakini umezaa wahandisi wanaojua kupima kila kitu isipokuwa kile kitakachoamua kama kazi yao itatumika, na wanaolipia pengo hilo ni watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo.

Anayebisha aje Isaka. Mji huu wa Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, wengi wanaujua kwa bandari kavu: makontena yanashushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Kigali na Bujumbura. Sasa ndipo pia vipande viwili vya reli ya kisasa vinapokutana, kile cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, kilichowekewa jiwe la msingi Juni 2021, na kile cha Tabora hadi Isaka chenye kilomita 165, ambacho mkataba wake ulisainiwa mwaka 2022. Ukipita Kahama ukaelekea kaskazini-magharibi unafika Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na mbele zaidi ni Geita. Katikati ya migodi mikubwa yametapakaa maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Katika ukanda huu mmoja yupo mkandarasi kutoka China, mhandisi kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Mlimani, mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe mia, dereva wa lori anayewahi mpaka wa Rusumo, na mchimbaji aliyekuja akifuata uvumi wa machimbo mapya. Hapa hakuna tatizo la kihandisi linalokuja peke yake mezani. Linakuja na wenyewe.

Chukua zebaki. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha kwenye mwalo, anachanganya unga uliobaki na zebaki ili ishike dhahabu, kisha anachoma lile donge mpaka zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke ule ni sumu inayokwenda kwenye mishipa ya fahamu ya mchomaji na ya watoto walio jirani. Jawabu la kihandisi lipo siku nyingi, tena ni rahisi: ritoti, chombo kidogo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke, kuupoza na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Mchimbaji analinda mapafu yake na anaokoa pesa. Kwa mahesabu hakuna sababu ya kukikataa. Mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa katika nchi sita, kuanzia mwaka 2002, ulifika Rwamagasa mkoani Geita na ujumbe huo. Semina zilifanyika, vyombo vilionyeshwa. Na bado leo hii, pita kwenye machimbo jioni, utakuta donge linachomwa wazi kwenye kipande cha bati.

Kwa nini? Kaa na wachimbaji uwaulize, utajibiwa bila kuzungushwa. Dhahabu ile ina wenyewe wengi. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, wapo waliochimba, na pengine yupo mwenye shamba, na kila mmoja ana fungu lake. Donge linapochomwa wazi, wote wamesimama wanaangalia. Likiingia ndani ya chuma kilichofungwa, hakuna anayejua kinachoendelea humo, na yule mwenye chombo anashukiwa kabla hajakifungua. Zaidi ya hapo, chombo kinachukua muda, na dhahabu ikitoka humo mara nyingine imefifia rangi, mnunuzi anaitia kasoro na kushusha bei. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa kuzuia mvuke kilizuia pia kitu ambacho mbunifu hakukiona: ushahidi wa mgawanyo. Hilo ni kosa la usanifu. Limetokea kwa sababu swali la "nani anatakiwa kuona nini, na kwa nini" halikuulizwa mapema, na halikuulizwa kwa sababu tunafundishwa kwamba maswali ya namna hiyo ni ya watu wa maendeleo ya jamii.

Wapo watakaosema mchimbaji mdogo ni mtu wa kuelimishwa tu, na akikataa elimu ni ujinga wake. Sikubali. Mtu anayeamua mahali pa kuweka matimba ili duara lisimwangukie, na anayelipa kwa maisha yake akikosea, hawezi kuwa mjinga wa hatari. Anayo hesabu yake, na ndani ya hesabu hiyo kuibiwa leo ni hatari ya karibu kuliko kuugua baada ya miaka kumi. Mhandisi asiyejua hesabu hiyo hana data kamili, hata kama maabara yake ina mashine za kisasa kuliko zote nchini.

Mkoa huuhuu wa Shinyanga una mfano wa upande wa pili, nao unanipa moyo kuliko yote. Shinyanga ilifika mahali pa kuitwa jangwa. Misitu ilikuwa imekatwa tangu enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba na mifugo mingi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walifanya walichofundishwa: vitalu, miche, miti ya kigeni, watu wapande. Miti mingi haikuendelea. Baadaye wakafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala wa yeyote kati yao. Wakarudi kwa wazee wakauliza zamani walihifadhi vipi malisho. Jibu lilikuwa ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti viote, likafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wa kulimia. Sheria zake zilitungwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii, na sungusungu wakawa walinzi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa na uoto. Sayansi ya miti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba wataalamu walijifunza kuuliza, kunyamaza, kuafikiana, na kuacha jina la mafanikio liende kwa wenyeji. Mtu akiniambia hayo ni stadi laini, namwomba anionyeshe mradi mgumu uliofanikiwa kiasi hicho mkoani Shinyanga bila hayo.

Tena siyo suala la misitu na dhahabu tu. Msukuma mkulima ana majina ya udongo wake: luseni ni mchanga wa juu, itogolo uko chini yake kwenye mteremko, ibambasi ni ule mgumu usiopitisha maji, mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Majina hayo yaliingia katika maandiko ya wataalamu wa udongo tangu enzi za Waingereza, kwa sababu yanaeleza kwa neno moja jinsi ardhi itakavyofanya maji yakiifikia. Mhandisi wa barabara au wa tuta la reli anayepita ukanda huu akijua kuuliza "hapa ni itogolo au mbuga?" amepata taarifa ya kwanza kabla ya kuchimba shimo la majaribio. Bado atachimba, bado atapeleka sampuli maabara. Lakini atajua achimbe wapi.

Nakuja kwenye hoja yenyewe ya "utayakuta kazini", kwa sababu ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Kweli kazi inafundisha. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inao mpango wake wa mafunzo kwa vitendo, ulioanza mwaka 2003, unaomweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, akiandika taarifa za maendeleo yake. Ni mpango mzuri na nautetea mahali popote. Ila tusiupe mzigo usio wake. Saiti ina mkataba, ina tarehe, ina faini ya kuchelewa. Msimamizi anayedaiwa kilomita kwa mwezi hana nafasi ya kumkalisha kijana chini amweleze kwa nini barua yake imewakasirisha wanakijiji. Kijana anajifunza kwa kukosea, na kosa lake linaangukia kaya ambazo nyumba zao zimewekewa alama ya X zibomolewe. Wahandisi hatukubali mtu ajifunze kupiga hesabu za nondo kwenye daraja ambalo watu wanapita. Kwa nini tunakubali ajifunze kuzungumza na watu kwenye fidia ya ardhi yao?

Halafu yuko mwanafunzi wa uzamili mwenyewe, ambaye mara nyingi haendi saiti kabisa baada ya kuhitimu. Anabaki chuoni kufundisha. Kile ambacho hakukikuta kazini hatakifundisha, naye atawaambia wanafunzi wake maneno yaleyale: kaza hesabu.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja, si mbali na Isaka, ambapo mwanafunzi wa uzamili alikuja kueleza utafiti wake wa maji ya mvua na makalavati. Kijana mwenye akili, na kazi yake ya mahesabu ilikuwa safi. Alibandika michoro yenye maelezo ya Kiingereza, akaanza kusoma. Mzee mmoja akamwuliza kama kiangazi ng'ombe wataweza kupita chini ya hayo makalavati, na yatakuwa na urefu gani. Kijana akajibu, bila ubaya wowote, "Mzee, hilo haliko kwenye utafiti wangu." Mkutano ukapoa palepale. Watu waliendelea kukaa, lakini hakuna aliyeuliza tena, na mtendaji akafunga kikao mapema. Tulipokuwa tunarudi, dereva wetu akatuambia kuna mama alimfuata kwenye gari akamweleza kwamba tangu lichimbwe shimo la moramu kule juu, maji hayapiti tena njia ya zamani, yanazunguka upande wa pili wa kilima na kuingia kwenye mashamba yao. Yaani eneo zima la kukusanya maji, ambalo hesabu za kijana zilisimama juu yake, lilikuwa limebadilika baada ya ramani aliyoitumia. Taarifa kubwa kuliko zote siku ile aliipata dereva, kwa sababu yeye alishuka kwenye gari, akawasalimia kina mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka", akawauliza habari za nyumbani.

Yule kijana alirudia kazi yake, na aliirudia vizuri. Nilichojifunza kwake ni kwamba hakuwa na kiburi wala hakukosa kipaji. Hakuwahi hata mara moja katika masomo yake yote kutakiwa aueleze uhandisi wake kwa Kiswahili mbele ya mtu anayehusika nao. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema mambo haya ni ya kuzaliwa nayo, kwamba kuna wenye mdomo na kuna wenye hesabu. Kuuliza swali lisilo na jibu ndani yake kunafundishika. Kuandika muhtasari wa kikao kunafundishika. Kumpa mtu nafasi ya kusema alichokuja kusema kabla hujamwambia ulichokuja kumwambia kunafundishika pia, na wazee wa dagashida wamekuwa wakiwafundisha vijana wao siku zote.

Mahali nitakapowagusa wengi ni kwenye semina. Vyuo vimeona kelele za waajiri juu ya wahitimu wasiojua kuwasiliana zimezidi, vikaleta tiba: siku mbili ukumbini, mkufunzi mwenye suti, mada ya kujiamini, mada ya kuandika wasifu, mada ya kuzungumza Kiingereza bila woga, vyeti, picha ya pamoja. Siwalaumu wanaohudhuria, mtu anayetafuta kazi anashika kila kamba. Lakini semina hizo na ule ushauri wa "kaza hesabu" ni ndugu. Vyote viwili vinakubaliana kwamba stadi hizi ziko nje ya uhandisi, ila kimoja kinaziahirisha na kingine kinaziuza. Na kinachouzwa ni namna ya kumpendeza mwajiri. Sijaona semina ya aina hiyo inayomfundisha mhandisi jinsi ya kumjibu mzee aliyeuliza ng'ombe watapita wapi.

Kwenye lugha ndiko tunakojidanganya zaidi. Mwajiri akisema wahitimu hawajui kuwasiliana, sote tunaelewa kwamba Kiingereza chao ni kibovu. Kiingereza kinahitajika, mikataba imeandikwa kwacho na mkandarasi wa kigeni anakitumia. Lakini sheria zetu zinataka zaidi ya hapo. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka wananchi washirikishwe, na zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Maana yake mhandisi wa mgodi atakaa na madiwani wa Msalala, wanaozungumza Kiswahili na wanaojua kata zao kuliko yeye. Ni chuo gani cha uhandisi kinachompa mwanafunzi wa uzamili alama kwa kuandika Kiswahili cha kitaalamu kinachosomeka? Tumeacha kazi inayotakiwa na sheria ifanywe na mtu wa kutafsiri, ambaye hajawahi kuliona bwawa la tope la mgodi wala kuelewa kinachoweza kulivunja.

Na mabwawa huvunjika. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba. Baada ya tukio kama hilo wanahitajika wahandisi wa udongo, na wanahitajika haraka. Lakini saa ileile mtu amesimama mlangoni kwake, tope la kijivu limemfunikia shamba, anauliza: maji haya naweza kuyanywesha mifugo? nitarudi kulima lini? nani ameandika jina langu? Anayemjibu kwa maneno ya kukwepa anamwongezea hasara ya pili. Majibu ya maswali hayo yanatoka kwenye vipimo vya kihandisi, kwa hiyo mhandisi hawezi kumsukumia afisa uhusiano.

Najua pia hofu iliyo nyuma ya pingamizi zote, na naiheshimu. Tunaogopa mhandisi msemaji, yule anayepanda vyeo kwa maneno huku zege lake likipasuka. Wapo, na wamefanya uharibifu. Ila angalieni vizuri kinachowapa nafasi: wenzao wenye hesabu sahihi hawawezi kusimama kwenye kikao na kuzitetea. Mhandisi aliyegundua kwamba mchanga wa zege ni mchafu, akashindwa kuandika barua ya nusu ukurasa inayosema hivyo waziwazi, yenye tarehe na nakala kwa wanaohusika, ameliacha zege lipite. Hesabu zake hazikumsaidia mtu. Anayetaka kumdhibiti msemaji mtupu awape wenye ujuzi kalamu na sauti.

Muda haupo, wataniambia. Uzamili ni miezi michache, na maabara ina foleni. Siombi kozi mpya wala wiki ya semina. Tasnifu nyingi za uhandisi zinachukua data vijijini: maji ya visima vya Msalala, marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, ya machimbo ya Geita, udongo wa njia ya reli. Mwanafunzi anakuja na barua ya chuo, anapiga hodi kwa mtendaji, anapewa mtu wa kumwonyesha njia, anachukua sampuli, anaondoka, na kijiji hakimwoni tena. Idara iseme kwamba tasnifu haipokelewi mpaka mwanafunzi amerudi alikochukua data akaeleza matokeo kwa Kiswahili kwenye mkutano, msimamizi wake akiwepo. Muhtasari wa mkutano uandikwe na mwanafunzi mwenyewe, usainiwe na mtendaji, na uingie kwenye tasnifu pamoja na maswali yote yaliyoulizwa, yakiwemo yale aliyoshindwa kuyajibu. Mtahini wa nje amwulize juu ya hayo aliyoshindwa kwa ukali uleule anaomwuliza nao juu ya majedwali. Bajeti za utafiti tayari zina fungu la safari ya kwenda kuchukua sampuli. Ziwekewe na la kurudi.